Fundi wa mabomba anayetaka kazi ya hospitali: kazi yenyewe na mafunzo yake

Swali: Nimekuwa fundi wa mabomba kwa miaka minane huku Umoja na Donholm, Nairobi, na nina cheti cha Gredi ya 2 cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Hospitali moja hapa jijini imetangaza nafasi ya fundi wa matengenezo. Rafiki yangu ananiambia kwamba hospitali haiwataki mafundi wa jua kali, na kwamba itanibidi nirudi chuoni kwa miaka mitatu nisomee mitambo ya tiba. Je, ni kweli? Na fundi wa matengenezo hospitalini hufanya kazi gani hasa?

Jibu: Ndugu yangu, rafiki yako amechanganya kazi mbili zinazofanyika chini ya paa moja. Ya kwanza ni ufundi wa mitambo ya tiba, yaani utunzaji wa mashine zinazomgusa mgonjwa: mashine za kupumulia, za kutia usingizi wakati wa upasuaji, za eksirei, za kuwatunzia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Kazi hiyo kweli ina masomo yake, na hapa Nairobi njia inayojulikana zaidi ni stashahada ya Kenya Medical Training College, KMTC, chuo kilicho jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambacho humtaka mwombaji wa stashahada awe na wastani wa C katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ya pili ni matengenezo ya majengo na ya mitambo inayoyahudumia: maji safi na majitaka, umeme na jenereta, mvuke, viyoyozi na majokofu, mabomba ya gesi za tiba, lifti, paa, milango na vitanda. Tangazo ulilolisoma, kwa jinsi ulivyolieleza, linahusu kazi hii ya pili, nayo haimdai fundi aliyekwisha kufuzu aanze upya.

Hata hivyo usidhani kwamba utaingia hospitalini na kuendelea kama ulivyokuwa ukifanya katika ploti za Donholm. Gredi ya 2 inathibitisha kwamba unalijua bomba. Hospitali itataka kujua jambo jingine, ambalo mtihani wa ufundi haulipimi sana, yaani kama kabla ya kufunga valvu una desturi ya kuuliza ni nani anayeyategemea maji hayo kwa saa hiyo, amelala wapi, na atafanyiwa nini maji yakikatika. Fundi wa nyumba za kupangisha akifunga maji kwa saa mbili, wapangaji hulalamika na jioni wamesahau. Hospitalini saa mbili hizo hizo zinaweza kumkuta mama katikati ya kujifungua, mgonjwa wa figo akiwa ameunganishwa kwenye mashine, na daktari wa upasuaji akiwa na sabuni mikononi. Mafunzo yote nitakayokutajia hapa chini yanazunguka jambo hilo moja.

Nianze na watu utakaofanya nao kazi. Katika hospitali kubwa ya jijini idara ya matengenezo huongozwa na mhandisi au fundi mwandamizi, naye husaidiwa na wasimamizi wa zamu, kwa kuwa hospitali haifungi usiku wala sikukuu. Fundi wa umeme ndiye mwenye mzigo unaoonekana zaidi. Umeme wa Kenya Power ukipotea, jenereta lazima iwake yenyewe na kubeba sehemu muhimu za hospitali, na kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kuhusu nyaya za majengo ya tiba, nambari 60364-7-710, kinataka taa ya meza ya upasuaji isikose umeme kwa zaidi ya nusu sekunde, ilhali huduma nyingine kadhaa za dharura zinavumiliwa hadi sekunde 15. Hakuna jenereta inayoweza kuwaka kwa nusu sekunde, na ndiyo maana kuna betri za akiba, ambazo fundi huyo hana budi kuzipima mara kwa mara badala ya kusubiri siku ya giza azigundue zimekufa. Fundi wa majokofu na viyoyozi huangalia friji za chanjo, zinazopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, benki ya damu, chumba cha kuhifadhia maiti, na hewa ya vyumba vya upasuaji, ambayo husukumwa ndani kwa shinikizo ili vumbi la ukumbini lisiingie mlango unapofunguliwa. Katika chumba cha kumtenga mgonjwa wa kifua kikuu mpango ni kinyume kabisa, kwani huko hewa hufyonzwa isitoke nje, na fundi asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuziba tundu kwa nia njema akawaambukiza watu wa wadi nzima.

Wapo pia seremala, mwashi, mchomeleaji na mpaka rangi, ambao kazi yao inafanana sana na ya nje, isipokuwa kwa jambo moja linalodharauliwa mno, nalo ni vumbi. Ukitoboa dari kuukuu karibu na wadi ya wagonjwa wa saratani, vumbi hilo linaweza kubeba mbegu za kuvu iitwayo Aspajilasi, ambayo mtu mwenye afya huivuta bila madhara lakini humshambulia mapafu mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa. Kwa sababu hiyo sehemu inayotobolewa huzungushiwa karatasi za nailoni, vumbi hunyunyiziwa maji, na wagonjwa huhamishwa kwanza pale inapowezekana.

Sasa tuje kwenye ufundi wako, ambao nitaukalia zaidi kwa kuwa ndio unaouuliza.

Maji ya hospitali hayana budi kuwapo, na yakiwapo lazima yawe salama. Nairobi hutegemea kwa sehemu kubwa Bwawa la Ndakaini, na mgao wa maji ni jambo la kawaida, kwa hiyo hospitali huweka matangi makubwa, huchimba kisima, au hununua maji ya malori. Kila moja ya njia hizo ina hatari yake. Maji yakikaa tangini kwa siku nyingi klorini hupungua. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na kuna vifaa vidogo vya kupimia ambavyo fundi hujifunza kuvitumia kwa muda mfupi. Maji ya visima vya Nairobi nayo mara nyingi yana floridi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho shirika hilo huruhusu. Kuchemsha hakuiondoi floridi, na klorini haiigusi. Maji hayo yanafaa kusafishia sakafu na kufulia shuka, lakini kuyafikisha jikoni au kwenye mashine za figo bila kuyachuja ni kosa ambalo mara nyingi huanzia kwa fundi aliyeunganisha bomba la kisima na la mfereji mahali ambapo hakuna mchoro.

Maji ya moto yana somo lake. Kuna bakteria wa Legionela, ambao huzaliana vizuri katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, kisha humwingia mgonjwa kupitia matone madogo sana ya bafu la manyunyu anayoyavuta na kumsababishia homa kali ya mapafu. Kwa hiyo maji ya moto huhifadhiwa kwenye nyuzi 60 au zaidi, ingawa joto hilo linaweza kumbabua mtoto au mzee, na hapo ndipo inapohitajika valvu ya kuchanganya karibu na bomba la kuogea. Fundi wa nje akisikia malalamiko kwamba maji yanachoma, hushusha joto la tangi. Fundi wa hospitali huiacha tangi ilivyo na kwenda kuikagua valvu ya kuchanganya. Vivyo hivyo, wadi ikifungwa kwa ukarabati au bafu likiachwa kuwa stoo, bomba linalobaki limejaa maji yasiyotembea huwa kitalu cha bakteria, nalo linafaa kukatwa karibu kabisa na bomba kuu. Kuliziba mwishoni kwa kofia, kama tulivyozoea majumbani, hakutoshi.

Nitaje pia maji kurudi nyuma. Mpira wa maji ukiachwa umezama kwenye ndoo ya dawa katika maabara au katika chumba cha maiti, kisha shinikizo la bomba kuu likashuka kwa sababu ya mgao, maji ya ndoo hiyo hufyonzwa na kuingia katika mfumo wa maji ya kunywa. Katika jiji ambalo shinikizo hupanda na kushuka kila wiki, hili ni jambo la kweli kabisa, na dawa yake ni nafasi ya wazi kati ya mdomo wa bomba na chombo, au valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo nayo hukaguliwa badala ya kufungwa na kusahauliwa.

Kitengo cha kusafisha damu nimekiacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndicho mahali ambapo fundi wa mabomba anaweza kuokoa au kupoteza maisha ya watu wengi kwa siku moja bila kumwona hata mmoja wao. Mgonjwa wa figo hukutanishwa na zaidi ya lita 100 za maji katika kipindi kimoja cha saa nne, na kati ya maji hayo na damu yake kuna utando mwembamba tu. Kitu ambacho tumbo lingekizuia, utando huo unaweza kukipitisha. Ndiyo maana maji huchujwa kwa mchanga, hulainishwa, hupitishwa kwenye mkaa ili kuondoa klorini, kisha husukumwa kwenye utando wa osmosisi ya kinyume, ambao hupitisha maji na kuzuia chumvi na uchafu. Mkaa ukichoka, klorini hupita na kupasua chembe nyekundu za damu, na kwa hiyo klorini hupimwa kabla ya kila zamu ya wagonjwa. Mnamo mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazili, kituo kimoja cha kusafisha damu kilitumia maji ya bwawa yaliyoletwa kwa malori bila kusafishwa ipasavyo. Maji hayo yalikuwa na sumu inayotolewa na mwani, na zaidi ya wagonjwa 50 walikufa kwa kuharibikiwa na ini. Ukiwa Nairobi, mahali ambapo lori la maji ni jibu la kawaida siku bomba likikauka, kisa hicho kinakuhusu moja kwa moja. Usiruhusu maji ya lori yaingie kwenye tangi la kitengo hicho kabla muuguzi msimamizi na fundi wa mitambo ya tiba hawajaarifiwa na maji hayajapimwa.

Hapo utaona pia mahali ambapo ajali nyingi za hospitali hujificha, yaani kwenye maungano ya idara mbili. Fundi wa mabomba huamini kwamba kazi yake imeishia ukutani, naye fundi wa mitambo ya tiba huamini kwamba yake imeanzia kwenye mashine, na mtambo wa kusafishia maji uliopo katikati unabaki bila mwenyewe. Siku yako ya kwanza uliza waziwazi nani huubadilisha mkaa, nani hupima, na nani huandika matokeo. Ukipata majibu mawili yanayopingana, mpelekee mkuu wa idara kwa maandishi.

Mabomba ya gesi za tiba yatakuvutia, kwa sababu ni ya shaba na yanafanana na kazi uliyoizoea. Tafadhali usiyaguse hadi utakapofundishwa na kuidhinishwa. Oksijeni hufika ukutani kwa shinikizo la takriban baa 4, ama kutoka kwenye mitungi, ama kutoka kwenye mtambo unaoichuja kutoka hewani, na palipo na oksijeni nyingi vitu ambavyo kwa kawaida huungua polepole hulipuka. Mafuta, grisi na gundi ya kawaida ya nyuzi za mabomba ni marufuku kabisa. Hata spana yenye mafuta ya gari haifai. Viungo vyake huunganishwa kwa kulehemu kwa joto la juu huku gesi ya naitrojeni ikipitishwa ndani, ili kuta za bomba zisifanye magamba meusi ambayo baadaye yangepeperushwa hadi kwenye mashine ya mgonjwa. Hatari kubwa kuliko zote ni mabomba kubadilishana, mtu akaunganisha ya oksijeni na ya gesi nyingine. Ingawa kila tundu la ukutani lina umbo lake ili kifaa cha gesi moja kisiingie kwenye nyingine, umbo hilo halisaidii kitu ikiwa kosa limefanyika nyuma ya ukuta. Kwa hiyo kila baada ya ukarabati mfumo hupimwa gesi moja moja, tundu moja moja, na mtu tofauti na yule aliyeunganisha. Mwongozo wa Uingereza uitwao HTM 02-01 unaeleza utaratibu mzuri wa kazi hii: kuna mtu aliyeidhinishwa kutoa kibali, fundi aliyethibitishwa kufanya kazi, na muuguzi aliyeteuliwa ambaye husaini kwamba wagonjwa wa eneo hilo wameandaliwa kabla valvu haijafungwa. Hata kama hospitali yako haina mpango rasmi wa namna hiyo, wewe ishi nao.

Kuhusu mvuke nitasema machache. Vyombo vya upasuaji husafishwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au wa nyuzi 134 kwa angalau dakika 3, na vipimo hivyo havifikiwi ikiwa hewa haijatolewa ndani ya chombo au mvuke umebeba maji mengi. Mitego ya mvuke, yaani valvu zinazotoa maji kwenye bomba la mvuke, ikikwama, nayo ni kazi ya fundi wa mabomba, ndiyo mara nyingi hufanya vifurushi vitoke vikiwa vimelowa, na kifurushi kilicholowa hakihesabiwi kuwa safi. Boila yenyewe ni chombo cha shinikizo, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka ikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa na serikali, kama ilivyo kwa lifti na matangi ya hewa iliyoshindiliwa. Ukipewa zamu ya boila bila kufundishwa kuangalia kioo cha kiwango cha maji na valvu ya usalama, una haki ya kukataa hadi ufundishwe.

Nimekwisha kugusia kibali cha kazi, lakini kinastahili nafasi yake, maana hapo ndipo fundi mgeni hushindwa kuliko mahali pengine popote. Majengo mengi ya hospitali hapa jijini yamekua kwa kuongezwa. Pumwani, kwa mfano, ilianza mwaka 1926, na hospitali ya umri huo haiwezi kuwa na mchoro mmoja unaoonyesha kila bomba lililowekwa tangu hapo. Valvu iliyoandikwa kwamba ni ya wadi ya wanaume inaweza kuwa inapeleka maji pia kwenye chumba cha upasuaji kilichojengwa baadaye. Kwa hiyo kabla ya kufunga, fuata bomba kwa miguu na kwa macho, muulize fundi mkongwe, kisha nenda kwa muuguzi msimamizi wa kila eneo ambalo huenda likaguswa. Mwambie maji yatakatika lini na kwa muda gani, mpe nafasi ya kujaza ndoo au kukuomba usubiri, na mwombe asaini. Ukimaliza, rudi kwake umwonyeshe kwamba maji yamerejea na uyaache yatiririke hadi yawe safi, kwani tope lililotikisika bombani huwa linatoka kwenye bomba la kwanza litakalofunguliwa, na huenda likawa ni la kuoshea kidonda. Andika yote kwenye kadi ya kazi. Nimewaona mafundi wenye mikono ya dhahabu wakikataa kuandika kwa sababu waliona ni kazi ya karani, na kila walipopumzika nyumbani hospitali ilikuwa haijui ni nini kilichobadilishwa.

Usisahau mwili wako mwenyewe. Chini ya sinki za hospitali mna sindano, na mabomba ya majitaka huziba kwa glovu, pamba na vitu vyenye ncha kali, hivyo usitie kamwe mkono mahali ambapo jicho halifiki. Kabla ya kuanza kazi dai chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu, sindano ya pili ikifuata mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu ikifuata miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Ukichomwa na sindano, osha jeraha kwa maji na sabuni na uripoti saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Mafundi huona aibu kuripoti jambo hili kuliko wauguzi, na aibu hiyo haina sababu yoyote.

Sasa mafunzo, na hapa nitakupa maoni yangu kwa utaratibu ambao ningeufuata kama ningekuwa na miaka yako minane. Kwanza kamilisha ngazi yako: fanya mtihani wa Gredi ya 1 wa NITA, mamlaka ambayo makao yake yako Commercial Street katika Eneo la Viwanda, kwa sababu ni wa gharama ndogo ukilinganisha na kurudi chuoni, na waajiri wengi huutambua kama ushahidi kwamba unaweza kusimamia wengine. Pili, chukua mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza na ya kuzima moto. St John Ambulance na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya huyatoa, na cheti chake kina uzito mkubwa kwenye faili lako kwa kuwa waombaji wengi hawana. Tatu, ukishaingia, omba uhudhurie kikao cha kuzuia maambukizi ambacho hospitali huwaandalia wauguzi na wafanyakazi wa usafi. Mara nyingi mafundi hawaalikwi kwa kusahauliwa tu, na hakuna somo jingine litakalobadilisha mikono yako haraka namna hiyo.

Chuo kinakuja baadaye, ukitaka kupanda cheo. Vyuo vya ufundi kama Kabete National Polytechnic na PC Kinyanjui Technical Training Institute huko Riruta ni mahali pa kuanzia kuulizia kozi za ufundi bomba na za ujenzi. Kwa kawaida mwenye D katika KCSE huingia kwenye cheti cha ufundi, mwenye C- huingia kwenye stashahada, na aliye chini ya hapo huanza na cheti cha fundi wa kawaida. Ulizia pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaomwezesha fundi mwenye uzoefu kupimwa kwa anachokijua bila kukaa darasani kwa kila kitu. Kisha, baada ya mwaka mmoja hivi kazini, chagua mfumo mmoja wa hospitali uwe bingwa wake. Mimi ningekushauri maji ya kitengo cha figo kuliko gesi, kwa sababu yanajengwa juu ya ujuzi ulio nao tayari. Mafunzo yake hutolewa mara nyingi na kampuni zinazouza mitambo hiyo. Mitambo mipya inaponunuliwa, mwombe mkuu wako aweke jina lako katika orodha ya watakaofundishwa kabla mkataba haujasainiwa. Umeme wa pampu mwachie mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kujua kubadilisha fyuzi nyumbani hakukupi ruhusa hiyo.

Kuhusu ajira yenyewe, elewa kwanza ni nani anayekuajiri. Tangu Katiba ya 2010 kukabidhi huduma nyingi za afya kwa kaunti, hospitali kama Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Pumwani ziko chini ya Kaunti ya Nairobi, ilhali Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ni mashirika ya serikali kuu yanayotangaza nafasi zao yenyewe. Hospitali za binafsi huweza kukuajiri moja kwa moja au kupitia kampuni ya matengenezo. Ukiajiriwa kupitia kampuni, uliza ni nani atakayelipia chanjo, viatu na glovu nzito, na uombe kuona kwamba una bima chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Kibarua wa siku naye anaweza kuchomwa na sindano.

Katika usaili jiandae kwa swali la aina hii: ni saa nane usiku, wadi ya uzazi imekosa maji, na uko peke yako zamu. Waombaji wengi hukimbilia kueleza jinsi watakavyotafuta tatizo. Anza badala yake na wadi: kwamba kwanza ungemuuliza muuguzi ni akina mama wangapi wanajifungua, ungehakikisha wanapata maji ya ndoo kutoka kwenye tangi salama, ungempigia msimamizi wako, ndipo ungekwenda kuangalia tangi, pampu na valvu kwa mpangilio huo. Ukiulizwa kuhusu uzoefu wako, usiwasomee orodha ya nyumba ulizofanyia kazi. Chukua kazi moja kubwa uliyoifanya, chora mfumo wake kwenye karatasi moja safi ukionyesha valvu zote na ni nani alihudumiwa na kila moja, kisha ipeleke pamoja na cheti chako cha Gredi.